Ramani ya 1974 ingali inachimba mitaro yetu

Kuna namba tatu ambazo msafiri wa kawaida hana sababu ya kuzijua, ingawa huenda amepita juu yake mara elfu: 0.96, 0.85 na 0.76. Zilichapishwa mwaka 1974 katika ripoti ya maabara ya Uingereza iliyoshughulikia utafiti wa barabara, na waandishi wake walikuwa watatu: Fiddes, Forsgate na Grigg. Walitafuta njia ya kukadiria mvua za dhoruba katika Afrika Mashariki, ili mhandisi anayejenga barabara mahali pasipo na kipimamvua asilazimike kubahatisha ukubwa wa kalavati. Namba ya kwanza ni ya bara. Ya pili ni ya ukanda wa milima walioupa majina ya Kenya, Aberdare na Uluguru. Ya tatu ni ya pwani.

Ni vipeo vya kanuni moja fupi. Chukua muda wa mvua kwa saa, ongeza theluthi ya saa, kisha pandisha jibu kwenye kipeo cha eneo lako. Kasi ya mvua hupungua kwa kadiri hiyo. Kipeo kikiwa kikubwa, kasi huporomoka upesi muda unaporefuka, maana yake maji mengi ya siku hiyo yalimwagika kwa mkupuo mmoja. Ukikaa na kalamu utaona kwamba bara, asilimia 68 ya mvua kubwa ya siku nzima hushuka ndani ya saa moja iliyo kali kuliko zote. Milimani ni karibu nusu. Pwani ni asilimia 38 tu.

Mtu wa Tabora hahitaji kuambiwa hayo. Asubuhi kweupe, saa nane mchana wingu limejaa, saa kumi limemwaga, magharibi mtu anaanua nguo alizozianika upya. Mtu wa Tanga naye anajua masika ya pwani, mvua inayoshinda na kulala, isiyo na haraka. Walichofanya watafiti wale ni kuugeuza ujuzi huo wa vibarazani kuwa namba ambayo zege linaweza kumwagwa kwa kuifuata. Milimita 100 za siku moja zikianguka Tabora, kalavati linapaswa kumeza milimita 68 katika saa moja. Zikianguka Tanga, 38. Ni mvua ileile kwenye daftari, lakini ardhini ni mafuriko mawili tofauti kabisa.

Pamoja na vipeo hivyo walitoa ramani. Mojawapo ilionyesha mvua ya siku moja ambayo kwa wastani hufikiwa au kupitwa mara moja katika miaka miwili. Nyingine ilionyesha uwiano kati ya mvua ya miaka kumi na ile ya miaka miwili. Mwaka 1976 Fiddes akaongeza mbinu ya kugeuza mvua hiyo kuwa mafuriko ya mto. Kenya ikachapisha atlasi yake ya mvua kubwa mwaka 1978. Tangu hapo miongozo mingi ya usanifu wa barabara imekuwa ikirudi kwenye chemchemi hiyohiyo. Nakala niliyorithi mimi nilipoanza kazi ilikuwa fotokopi ya fotokopi. Katika ramani yake kulikuwa na mstari mmoja kusini mwa Iringa ambao sikuwahi kujua kama ni mvua, ni mto, au ni mkunjo wa karatasi ya aliyetangulia. Nao nimeupigia hesabu.

Siandiki haya kuwacheka watu wa 1974. Kazi yao ilikuwa safi kuliko nyingi zilizofuata. Ninachotaka kusema ni kwamba mvua ikishabomoa daraja, siku hizi tuna jibu moja tayari mdomoni, mabadiliko ya tabianchi, na jibu hilo, ingawa lina ukweli mkubwa ndani yake, linatusaidia kutoangalia droo zetu. Kabla ya kuuliza mvua imebadilika kiasi gani, ilibidi tujue ilikuwa kiasi gani. Hatujui vizuri. Na sababu za kutojua ni za kibinadamu kuliko za kianga.

Tuanze na maneno "mvua ya miaka 100". Sijui maneno mengine ya kitaalamu yaliyozua ugomvi mwingi kama haya. Mwananchi akiyasikia anaelewa kwamba mvua hiyo ikija leo, mjukuu wake ndiye atakayeiona tena. Siyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka, bila kujali mwaka jana kulitokea nini, kuna nafasi moja katika mia ya kiwango hicho kufikiwa au kupitwa. Anayejenga nyumba bondeni kwa mkopo wa miaka 30 ana uwezekano wa asilimia 26 wa kukutana nayo kabla hajamaliza deni. Anayejenga mtaro wa mvua ya miaka kumi, akautarajia udumu miaka kumi, ana asilimia 65 ya kuuona ukifurika. Na nchi yenye mabonde mia yasiyotegemeana itarajie, kwa wastani, kila mwaka bonde moja lipate mvua yake ya karne. Kwa hiyo kichwa cha habari kisemacho "mvua ambayo haijawahi kutokea" kinaweza kuandikwa kila masika bila mhariri kusema uongo.

Aliyetuwekea msingi wa lugha hii ni mtu ambaye wahandisi hulitaja jina lake kila siku bila kumjua. Emil Julius Gumbel alizaliwa Munich mwaka 1891. Sisi humjua kwa mkunjo wa Gumbel: unachukua mvua kubwa kuliko zote ya kila mwaka, kilele cha mwaka, unavipanga vilele vyako thelathini au arobaini, na mkunjo unakuambia kile ambacho miaka 100 ingeleta. Lakini kabla hajahesabu mafuriko alihesabu mauaji. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Ujerumani ilikuwa ikiuana kisiasa mitaani, na kila upande ulidai kwamba wauaji ni wa upande wa pili. Gumbel alikusanya kesi moja moja, kwa majina na hukumu, na mwaka 1922 akachapisha hesabu: mauaji 354 yaliyofanywa na watu wa mrengo wa kulia, 22 ya mrengo wa kushoto, na mahakama zikiwa zimewapapasa wale wa kwanza na kuwakomoa wa pili. Chuo Kikuu cha Heidelberg kilimwondoa mwaka 1932. Wanazi walipoingia walimvua uraia. Alikimbilia Ufaransa, na mwaka 1940 akavuka kwenda Marekani. Mwaka 1941 aliandika makala juu ya muda wa kujirudia kwa mafuriko ya mito, na mwaka 1958 kikatoka kitabu chake kikubwa cha takwimu za vilele. Alifariki New York mwaka 1966.

Huwa nawasimulia vijana ninaowafundisha habari hii, na wengine huniona nimetoka nje ya somo. Mimi naiona ni somo lenyewe. Ustadi wake wa kwanza haukuwa hisabati, ulikuwa kukaa na orodha ambayo wenye mamlaka hawakutaka iwepo, na kuhakikisha hakuna jina lililorukwa. Mkunjo wake hauna uchawi wa kufidia orodha iliyorukwa.

Nitoe mfano wa kubuni ili tuone. Tuseme kituo kina kumbukumbu za miaka 30, wastani wa vilele vyake ni milimita 80 kwa siku, na mkengeuko sanifu ni milimita 25. Mkunjo wa Gumbel utatoa mvua ya miaka miwili kuwa milimita 76, ya miaka kumi 113, na ya miaka 100 kuwa 158. Namba hizo huingia kwenye ripoti, zikapigwa mstari, zikasainiwa. Kinachobaki kwenye kompyuta ya mhandisi, au ambacho hakikukokotolewa kabisa, ni upana wake. Kwa miaka 30 ya data, ile 158 ina mpaka wa chini wa takribani 123 na wa juu wa takribani 193, ukitaka uhakika wa asilimia 95. Ongeza data mpaka miaka 60 na upana unapungua: 133 hadi 183. Yaani ubishi wetu mwingi kuhusu daraja liwe na matundu manne au matano unafanyika ndani ya upana ambao hatukuuandika. Nimeshakaa kwenye vikao ambako watu wazima walikwaruzana kwa milimita nane.

Na hiyo ni kama orodha yenyewe ni safi. Miaka mingi iliyopita nilitumwa katika shamba moja la mkonge mkoani Tanga kukagua kituo cha mvua kilichokuwa na daftari refu kuliko vyote jirani. Msoma kipimo alikuwa mzee aliyeanza kazi hiyo ujanani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitolea madaftari yamefungwa kwa uzi wa mkonge, yakinukia moshi. Nilikuja na swali lililokuwa likinisumbua: mbona vilele vyake vingi mno vinaangukia Jumatatu?

Akaniangalia kama mtu aliyesubiri swali hilo kwa miaka.

"Jumapili hatukuwa tunafanya kazi, mwanangu. Maji ya siku mbili napima Jumatatu."

"Na hukuandika kwamba ni ya siku mbili, mzee wangu?"

"Nilikuwa naandika mwanzoni. Karani wa mjini akasema fomu haina nafasi ya maneno."

Hilo lina jina lake katika fani yetu, malimbikizo yasiyotajwa, na liko kwenye kumbukumbu za mabara yote. Lina ndugu yake anayevuta upande wa pili. Siku ya kituo huanza saa tatu asubuhi na kuisha saa tatu asubuhi ya pili yake. Dhoruba ikipita juu ya saa tatu hukatwa vipande viwili, na kilele halisi cha saa 24 hakionekani popote. Mmarekani David Hershfield aliliona hilo alipokuwa akitayarisha ramani za mvua za nchi yake, zilizochapishwa mwaka 1961, na marekebisho yanayotumika mpaka leo ni kuzidisha kwa 1.13. Kuna pia kipimo kinachosombwa na mafuriko yaleyale kilichotakiwa kuyapima. Hapo daftari huonyesha nafasi tupu kwenye siku muhimu kuliko zote, na programu ya kompyuta, isipoambiwa, husoma nafasi tupu kuwa sifuri.

Kisha swali la ni miaka ipi uliyobahatika kuwa nayo. Mwishoni mwa 1961, Tanganyika ikiwa inapandisha bendera yake, mvua zilifurika Afrika Mashariki nzima, na Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili hadi kilele cha 1964, rekodi iliyosimama hadi Mei 2020. Mwaka 1997 ikaja El Niño ambayo hata mtoto wa shule ya msingi aliijua kwa jina. Mwaka 2019 vuli ikawa ya balaa tena. Miaka yote mitatu Bahari ya Hindi ilikuwa na joto kupita kawaida upande wetu na baridi upande wa Indonesia, ile hali wanasayansi waliyoipa jina rasmi mwaka 1999 na ambayo huja na kuondoka kwa mtindo wake. Sasa fikiria kituo kilichofunguliwa 1963 na kufungwa 1996. Kina miaka 33, kinaonekana kizima, na hakikuiona 1961 wala 1997.

Vituo vya namna hiyo ni vingi, na kufungwa kwake kuna historia. Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1929 na makao yake Nairobi, ilikuwa ya pamoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilianza upya na chake. Magari, ndege na mabehewa yaligawanywa kwa makelele. Kumbukumbu za mvua hazikuwa na wa kuzigombea. Mashirika ya mkonge yakafa, misheni zikabadili mapadri, stesheni za reli zikafungwa, na kila mahali hapo palikuwa na chupa na mtu wa kuipima. Rwanda ni kisa kichungu zaidi: mauaji ya kimbari ya 1994 yaliua pia mtandao wa vituo, na kwa karibu miaka 15 nchi ya milima elfu ilibaki na vituo vichache vya kuhesabika.

Rwanda ndiko pia nilikoona jinsi pengo linavyozibwa kwa adabu. Mpango uliobuniwa na Tufa Dinku na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, unaofanya kazi ndani ya taasisi za hali ya hewa za nchi husika, Tanzania na Kenya zikiwemo, huchukua data za vituo zilizopo, huzisafisha, kisha hutumia makadirio ya setelaiti kujaza palipokosa. Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara nacho kina ramani ya mvua, kazi ya Chris Funk na timu yake, inayoanzia 1981 na kuigawa dunia ya joto katika miraba ya kilomita tano hivi. Kwa kufuatilia ukame, ramani hizi zimeokoa miaka ya kazi.

Lakini kwa kalavati nina mashaka nazo. Setelaiti za miale ya joto haziioni mvua, zinaona ubaridi wa kilele cha wingu na kukisia. Wingu refu la Tabora lina kilele baridi sana, likikisiwa hukisiwa vizuri. Mvua ya Usambara au ya Uluguru, inayokamuliwa na mlima kutoka kwenye mawingu mafupi yaliyotoka baharini, hutoka ikionekana ndogo kuliko ilivyo. Tena wastani wa mraba wa kilomita tano hulainisha kilele; ngurumo iliyoangushia mtaa mmoja milimita 120 huwa milimita 60 za kata nzima. Kijana anayepakua ramani hizo ofisini, akachomoa vilele vyake, akapitisha mkunjo wa Gumbel, hupata picha yenye rangi nzuri kuliko fotokopi yangu na jibu baya kuliko lake. Hilo nimeliona kwenye ripoti zaidi ya moja, na kila mara mchoro ulikuwa umechapwa kwenye karatasi ya kung'aa.

Mkunjo wa Gumbel wenyewe unashitakiwa. Mkia wake ni mwembamba: unachukulia kwamba mvua kubwa mno hupungua upesi. Mgiriki Demetris Koutsoyiannis ameonyesha, katika makala za 2004 na katika kazi ya 2013 aliyoifanya na Simon Michael Papalexiou kwa kutumia vituo zaidi ya 15,000 vya duniani, kwamba mvua nyingi zina mkia mnene zaidi, na kwamba data fupi huuficha mkia huo. Ukiwa na miaka 20 au 30, Gumbel anaonekana anafaa kabisa. Ukipata miaka 100, hafai tena. Kwa lugha ya fundi: kadiri kituo chako kilivyo kichanga, ndivyo mkunjo unavyokuambia ulale usingizi.

Pwani yetu ina tatizo la ziada ambalo sijaona likitajwa vya kutosha. Vilele vyetu vingi ni vya masika. Lakini kuna kundi jingine kabisa la mvua, la vimbunga, ambalo kwa kawaida hupita kusini, kwa ndugu zetu wa Msumbiji na Madagaska. Kituo kikiwa na miaka 50 bila kimbunga, mkunjo hauna namna ya kujua kwamba kundi hilo lipo. Ila lipo. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kulaza mikarafuu yake. Aprili 1952 kingine kilitua Lindi. Mei 2024 Hidaya aliisogelea Mafia, na katika mvua za siku hizo barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga, watu wa kusini wakabaki kisiwa cha nchi kavu kwa siku kadhaa. Matukio matatu katika karne moja na nusu. Ni machache mno kuingia kwenye kanuni ya miaka 30 ya data, na ni mengi mno kwa mtu anayejenga daraja la miaka 100. Atakayetaka kujua kimbunga cha bahari hii kinaweza kumwaga kiasi gani avuke hadi kisiwa cha Réunion: mahali paitwapo Foc-Foc, Januari 1966, milimita 1,825 katika saa 24. Ni rekodi ya dunia, na ni bahari yetu hiihii.

Sasa tabianchi, ambayo nimeiacha kwa makusudi hadi hapa. Hewa ikipata joto la nyuzi moja zaidi hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hiyo ni fizikia ya karne ya 19, haina mjadala. Rudi kwenye kituo chetu cha kubuni, kuza vilele vyote kwa asilimia 7. Ile milimita 158 ya miaka 100 inakuwa ya miaka 59. Ile 113 ya miaka kumi inakuwa ya miaka saba. Badiliko dogo la ukubwa huwa badiliko kubwa la marudio, na ndiyo sababu mwaka 2008 kundi la wanahaidrolojia wakiongozwa na Christopher Milly waliandika katika jarida la Science kwamba dhana ya kuwa yaliyopita ni kipimo cha yajayo imekufa.

Nakubaliana nao kwa asilimia kubwa, lakini kwetu mambo yana mafundo. Kuanzia miaka ya 1980 masika ya Afrika Mashariki yalielekea kupungua, wakati mifano ya kompyuta ilisema yataongezeka. Mpaka leo wataalamu wanauita mkanganyiko wa Afrika Mashariki. Sehemu ya maelezo ni kwamba mifano mingi ni ya miraba mikubwa, haiioni ngurumo moja moja. Elizabeth Kendon na wenzake waliendesha mfano wa Afrika nzima kwa miraba ya kilomita 4.5, wakachapisha mwaka 2019: mvua kali za muda mfupi ziliongezeka zaidi kuliko mifano ya kawaida ilivyoonyesha, na vipindi vikavu katikati ya msimu navyo vikarefuka. Masika inaweza kuwa na maji machache kwa jumla na kubomoa makalavati mengi zaidi. Mkulima wa Kilosa anayelalamika kwamba mvua zimepungua na mhandisi wa Kilosa anayelalamika kwamba zimezidi wanaweza wote kuwa wakweli.

Niongeze jambo moja upesi, maana linachanganywa kila mwaka: marudio ya mvua si marudio ya mafuriko. Mai Mahiu, nchini Kenya, Aprili 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tundu la chini ya reli lililozibwa na takataka na magogo, yakavunja usiku, makumi ya watu wakafa. Jangwani, jijini Dar es Salaam, Mto Msimbazi umejaa mchanga na bonde limebanwa na majengo kiasi kwamba mvua ambayo zamani ingepita sasa inafunga barabara. Desemba 2011, mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote jijini tangu 1954 ilipoua watu zaidi ya 40, tuliihesabu mvua. Kina cha mchanga chini ya daraja hatukukihesabu.

Tufanye nini? Mimi sitaki mradi mpya wenye nembo. Nataka karatasi za michoro ya vipima-mvua vya kujiandika, zile zenye wino wa zambarau zilizoonyesha mvua dakika kwa dakika, zitolewe zilipo kabla mchwa hawajazimaliza. Bila hizo hakuna namna ya kujua kama ile 0.76 ya pwani bado ni 0.76, na hilo ndilo swali ambalo joto la hewa linalifanya kuwa la haraka: yawezekana pwani inaanza kunyesha kama bara. Nataka pia kila ripoti ya daraja iandike mipaka miwili ya namba yake, hata kama mkandarasi atakasirika. Mtandao wa TAHMO, ulioanzishwa na Nick van de Giesen wa Delft na John Selker wa Oregon, umesambaza vituo vidogo vya kujiendesha kwenye shule nyingi za Afrika. Ni jambo jema, ila kituo kilichosimikwa mwaka 2016 kitahitaji miaka mingi kabla hakijajua masika ni nini. Daftari la zamani tayari linajua.

Madaftari ya yule mzee wa mkonge niliyafungua tena miaka kadhaa baadaye, yakiwa yameshahamia ofisi moja mjini, yakisubiri kuingizwa kwenye kompyuta. Yaliandikwa kwa inchi. Kwenye ukurasa mmoja wa Aprili, siku ya katikati ya wiki, kulikuwa na mwandiko wake uliokolezwa kwa kalamu: 6.00, na pembeni yake alama ndogo ya kujumlisha. Nilikumbuka alivyonieleza alama hiyo. Chupa ilijaa, kopo la nje likajaa, maji yakamwagika majanini, naye akaandika alichokiona na kuongeza alama ya kile ambacho hakukiona.

Kijana wa kuingiza data alikuwa mwangalifu, wala simlaumu. Safu ya mvua ilikubali tarakimu tu. Aliandika 6.00 na alama yake, programu ikamkatalia kwa maandishi mekundu; akafuta alama, ikakubali. Kisha ikageuza inchi kuwa milimita yenyewe, na kwenye faili la kituo hicho, mahali panapochorewa ramani, siku ile sasa inasomeka 152.4.